Nyumba moja, miwasho miwili: kisa cha mbwa, mtoto wa bweni na sufuria la mwarobaini

Kisa hiki ni cha familia moja hapa Morogoro, upande wa Kihonda, nimebadilisha vitu viwili vitatu wenyewe wasijulikane maana mtaa ni mdogo na watu wakisikia upele wanataka kujua ni wa nani. Mimi kazi yangu ni udaktari wa mifugo, ng'ombe zaidi, mbwa kwa sehemu, na nimekiandika kwa sababu mambo ya dawa za majani kwa muwasho nayaulizwa karibu kila siku na watu wengi wanataka jibu la neno moja, inafanya kazi au haifanyi, wakati kisa hiki kinaonyesha swali lenyewe linavyotakiwa kuulizwa.

Ilianza na voisi ya WhatsApp kutoka kwa mama mwenye nyumba. "Daktari, huyu mbwa atatumaliza, usiku kucha anajikuna mnyororo unapiga kelele hatulali, na sasa na sisi tunajikuna, bibi katuchemshia mwarobaini wiki nzima, mbwa anaogeshwa, watoto wanaogeshwa, jirani anasema tumpake oili chafu ya gari ndo dawa, nimpake?" Nikamjibu mama, oili usipake, nakuja jioni, na msimwogeshe kwanza mpaka nimwone.

Hiyo oili chafu niiseme hapa hapa iishe. Watu wanaipenda kwa sababu kweli inaweza kuwaziba pumzi baadhi ya wadudu, na mbwa anaonekana kang'aa, lakini ile ni oili iliyopita kwenye injini, ina mabaki ya madini na kemikali ambazo mbwa atazilamba zote kabla hujarudi ndani, na ngozi ambayo imeshakwanguka inaungua. Dizeli na mafuta ya taa ni ukoo huo huo. Nimeshaletewa mbwa waliopakwa, upele ulikuwa ndo shida ndogo kati ya shida walizokuja nazo.

Basi jioni nikafika. Mbwa ni dume, chotara wa German Shepherd, anafunguliwa usiku kulinda na geti lao lina upenyo kwa chini kwa hiyo anatoka anazurura na mbwa wa dampo halafu anarudi alfajiri. Harufu ya mwarobaini ilikuwa imemshika mpaka kwenye kola. Nilichokiona ni hiki: kingo za masikio zimekuwa na magamba makavu ya kijivu, viwiko vimenyonyoka manyoya na ngozi imekuwa nene, nyuma ya miguu kwenye vifundo hivyo hivyo, tumboni kuna vipele vyekundu, lakini mgongo na shina la mkia viko salama kabisa. Hapo tayari kuna habari. Kama ingekuwa viroboto, muwasho unakaa kiunoni na kwenye shina la mkia, na ukimchana unakuta kinyesi chao, vile vichembe vyeusi ambavyo ukivitia kwenye karatasi yenye maji vinatoa rangi nyekundu ya damu. Hakukuwa na kitu.

Halafu nikafanya kile kitu ambacho watoto wa nyumba walikipenda sana. Nikashika ukingo wa sikio, nikaukunja na kuusugua kwa vidole polepole, na mguu wa nyuma wa upande ule ule ukaanza kupiga hewa wenyewe kama anajikuna, nikiacha unaacha, nikisugua unaanza. Siyo uchawi wala siyo kipimo cha mwisho, mbwa mwenye muwasho mwingine naye anaweza kufanya hivyo, lakini mbwa wengi wenye ukurutu wa sarkoptesi, yaani upele unaoletwa na utitiri, kijidudu kinachochimba ngozi, wanafanya, na ukiunganisha na mahali magamba yalipo unakuwa umefika karibu sana na jibu. Nilikwangua ngozi kwa wembe butu wenye tone la mafuta, sehemu kadhaa, nikaenda kuangalia kwenye maikroskopu. Viwiko havikutoa kitu. Ukingo wa sikio ukatoa utitiri mmoja, mviringo, miguu mifupi kama haina mpango wa kwenda popote. Mmoja unatosha. Na hata ningekosa nisingesema hayupo, maana mbwa wengi wenye ugonjwa huu ukiwakwangua hupati kitu kabisa na bado ni wagonjwa.

Sasa mbwa tumeshamjua. Ila nilivyokuwa nanawa mikono mama akasema, "basi ndo huyo katuambukiza wote." Nikamwambia tusikimbie mama, niambie kwanza nani anajikuna, wapi, na tangu lini. Na hapa ndipo kisa kinapokuwa kitamu.

Binti wa darasa la tatu anajikuna mikononi upande wa ndani na tumboni, vipele vidogo vyekundu. Huyu ndiye rafiki wa mbwa, wanalala barazani mchana kamkumbatia. Dada wa kazi anajikuna mikononi tu, na yeye ndiye anayemwogesha. Mama mwenyewe kidogo sana, mapajani, anasema mbwa humwegemea akiwa anachambua mchele. Baba hana kitu. Hao watatu mtu yeyote akitazama ataona mchoro: vipele viko pale pale ngozi inapokutana na mbwa.

Lakini kuna kijana wa kidato cha pili, amerudi likizo kutoka shule ya bweni, na yeye ndiye anajikuna kuliko wote. Na kijana huyu anamwogopa mbwa. Yaani hamgusi, akitaka kutoka nje usiku anamwita dada amfunge kwanza. Nikamuuliza unajikuna wapi, akasema mikono. Nikamwomba anionyeshe, nikaona katikati ya vidole na kwenye viganja vinapoanza, kwenye mkunjo wa mkono, vijistari vidogo sana kama mtu kachora na penseli iliyochongwa. Nikamchukua pembeni tukaenda kusimama kwenye banda la kuku nikamuuliza tena tukiwa wawili, na hapo akasema kiunoni penye mkanda, na sehemu za siri, na kwamba usiku ndo inakuwa mbaya, na kwamba bwenini kwao nusu ya chumba wanajikuna ila hakuna anayesema. Mbele ya mama yake na bibi yake asingelisema hilo hata ungempa nini. Na kuna mdogo wao wa miaka miwili, likizo hii analala kitanda kimoja na kaka, naye ana vipele mpaka kwenye viganja na nyayo. Mtu mzima upele hauji nyayoni kirahisi ila kwa mtoto mdogo ni kawaida.

Kwa hiyo nyumba moja ina upele wa aina mbili. Mbwa kaleta wake kutoka dampo, kijana kaleta wake kutoka bwenini, na wote wakakutana kwenye sufuria moja la mwarobaini.

Tofauti yake ni hii. Utitiri wa upele kwa jina kubwa ni Sarcoptes scabiei, lakini kila mnyama ana wake. Yule wa mbwa akiingia kwa mtu anawasha ndani ya saa chache tu, lakini hawezi kuzaliana humo, anakufa, na kama mbwa akitibiwa mtu anapona mwenyewe ndani ya wiki kadhaa bila dawa ya kuua chochote. Wa binadamu ni hadithi nyingine. Jike anachimba njia kwenye ngozi, anataga mayai mawili matatu kwa siku, yanaanguliwa baada ya siku 3 au 4, na mtu mwenye upele wa kawaida mwili mzima ana majike 10 mpaka 15 tu. Ndiyo, kumi na tano, na hawezi kulala. Maana kinachowasha ni mwili kuukataa mdudu na mayai na kinyesi chake, ni aleji, na aleji hiyo kwa mtu anayepata mara ya kwanza inachukua wiki 4 mpaka 6 kuamka. Ndo maana nilipomwambia baba na wewe utapaka dawa akacheka, mimi sijikuni daktari, nikamwambia mzee kutojikuna leo siyo cheti.

Sasa turudi kwenye mwarobaini maana ndo mlichokuja kusoma.

Bibi alikuwa amekaa kwenye kiti chake anasikiliza yote. Nilimsalimia shikamoo nikakaa chini kwenye mkeka karibu yake kwa sababu habari niliyotaka kumpa haipewi mtu umesimama. Akaniambia, "Mwanangu, mwarobaini huu umelea watoto saba, na huyu binti tangu tumeanza kapungua kujikuna, muulize." Nikamuuliza binti, na kweli, kapungua. Bibi hakusema uongo. Ila angalia na hili: tangu mbwa aanze kuogeshwa mwarobaini amekuwa ananuka na manyoya yanabaki na ule uchungu, ukimshika halafu ukagusa mdomo unatema, kwa hiyo binti aliacha kumkumbatia. Wiki nzima hajalala naye barazani. Na upele wa mbwa ukikosa kuletwa upya kwenye ngozi ya mtu unaisha. Nusu ya sifa ya mwarobaini, kwa maoni yangu, ilikuwa ni sifa ya harufu yake. Na kijana, ambaye tatizo lake halina uhusiano na mbwa, aliogeshwa mwarobaini ule ule kwa siku zile zile na hakupungua hata kidogo, alizidi.

Lakini sisemi mwarobaini ni maji tu, hilo nalikataa. Kwenye mbegu yake, yaani ile kokwa, kuna azadiraktini, kitu ambacho kinavuruga wadudu wasiweze kujivua ngozi na kukua, na kuna majaribio ya maabara ambapo mafuta ya mbegu yaliua utitiri wa upele. Kuna na utafiti wa India uliochapishwa mwaka 1992, walichukua watu 814 wenye upele wakawapaka uji mzito wa majani ya mwarobaini na manjano, na wakaandika kwamba asilimia 97 walipona ndani ya siku 3 hadi 15. Watu wanaurusha sana huo utafiti. Mimi nausoma hivi: haukuwa na kundi la kulinganisha, waliopaka kitu kingine au wasiopaka, kwa hiyo huwezi kujua ni dawa au ni usimamizi, na pili wale walipaka uji mzito mwili mzima kila siku, wakati huku kwetu tunachemsha majani mpaka maji yanakuwa ya kahawia halafu tunajimwagia kopo mbili na kutoka. Majani yana azadiraktini kidogo kuliko mbegu, na moto mkali na jua vinaiharibu. Kwa hiyo kilichobaki kwenye beseni la bibi ni maji ya uvuguvugu yenye uchungu ambayo yanapooza ngozi, yanasaidia kidogo vidonda visioze, na kumwacha utitiri aliyeko ndani ya njia yake anaendelea na uzazi.

Kuna kitu kimoja nilimwomba bibi kwa heshima zote aache siku ile ile. Alikuwa anampa yule wa miaka miwili kijiko cha yale maji anywe kusafisha damu. Mafuta ya mwarobaini yameshaleta sumu kali kwa watoto wadogo waliopewa kwa mdomo, kutapika, degedege, ini kuharibika, hilo limeandikwa kitambo na madaktari wa Malaysia. Maji ya majani siyo mafuta ya mbegu, najua, lakini mtoto wa kilo kumi na kitu hana haja ya kuwa ndo kipimo. Bibi akanyamaza kidogo akasema haya, atapakwa tu.

Na baba naye alikuwa na yake. Alimnunulia kijana krimu ya mchanganyiko, zile tyubu za dukani zenye dawa ya fangasi, ya bakteria na steroidi kwa pamoja. Siku za kwanza kijana alilala vizuri, kila mtu akafurahi, halafu ikarudi na kusambaa. Ni kawaida, steroidi inanyamazisha aleji bila kumgusa mdudu, muwasho ukinyamaza hujikuni, mdudu anapata raha. Inabadilisha hata sura ya upele mpaka atakayekuja kuangalia baadaye anapotea. Kati ya sufuria la bibi na tyubu la baba, mimi ningechagua sufuria.

Tiba ilikwendaje. Mbwa kwanza. Wengi wangemchoma ile sindano ya ivamektini ya ng'ombe, dawa ya minyoo na wadudu, na mbwa wetu wa kienyeji wengi wanaichomwa na wanapona, lakini huyu ana damu ya German Shepherd, na kwenye koo za mbwa wachungaji, Collie hasa na kwa kiasi German Shepherd, kuna hitilafu ya jeni, ya kurithi, ambayo iligunduliwa mwaka 2001, mbwa mwenye nayo dawa hii inaingia kwenye ubongo, anayumba, anatoa mate, anapofuka, anaweza kufa. Huwezi kumjua kwa kumtazama. Nikamtafutia kidonge cha kutafuna cha kundi la isoksazolini, bei yake inauma lakini kinaua utitiri, viroboto na kupe kwa pamoja, ila mbwa mwenye kifafa hapewi hivi hivi. Banda lilifagiliwa, gunia alilolalia likachomwa, upenyo wa geti ukazibwa kwa tofali mbili.

Watu si wa kwangu, niliwaambia waziwazi nendeni kituo cha afya, na nikawaandikia kwenye karatasi nilichokiona ili wasiishie kuambiwa ni aleji ya mbwa, maana mtu akisikia nyumbani kuna mbwa mgonjwa hawezi tena kufikiria kingine. Huko wakathibitisha upele kwa kijana na mdogo wake. Wakapewa dawa ya kupaka, wakubwa BBE, ile dawa ya maji meupe ya benzili benzoeti, na mdogo krimu ya pemethrini, na maelekezo ambayo ndo roho ya tiba yenyewe: nyumba nzima inapaka usiku mmoja, anayejikuna na asiyejikuna, shingo mpaka nyayo, chini ya kucha, kitovuni, kote, na baada ya wiki wanarudia. Mashuka na nguo zikafuliwa kwa maji ya moto na kuanikwa juani, visivyofulika kama begi la shule na mto wa manyoya vikafungwa kwenye mfuko wa plastiki siku kadhaa, kwa sababu utitiri huu nje ya mwili wa mtu hauishi zaidi ya siku mbili tatu. Vidonge vya ivamektini vya binadamu navyo vipo, Shirika la Afya Duniani liliviweka kwenye orodha yake ya dawa muhimu kwa upele mwaka 2019, lakini mtoto chini ya kilo 15 na mjamzito hawapewi kiholela, na tafadhali sana, ile ya chupa ya ng'ombe usiinywe. Tangu kipindi cha korona kuna watu wamezoea.

Binti na dada wa kazi hawakuhitaji chochote zaidi ya ile dawa ya kupaka ya pamoja. Mbwa alipoanza kupona na vipele vyao vikaisha, kimya kimya.

Sasa kijana. Baada ya dawa ya pili bado anajikuna. Mama akanipigia kwa hasira kidogo, "daktari hizo dawa za hospitali nazo hazifanyi kazi." Hapa ndo wengi wanapoharibu, wanarudia BBE kila siku mpaka ngozi inababuka, kisha wanajikuna kwa ajili ya dawa na kudhani ni upele. Mdudu kafa lakini mabaki yake bado yamo ndani ya ngozi mpaka ngozi ile imenyauka ikatoka, na aleji inaendelea wiki 2 mpaka 4. Huu ni muwasho bila mdudu. Na huu, ndugu zangu, ndo uwanja wa dawa za majani. Hapa hakuna cha kuua, kuna cha kutuliza tu, na kutuliza wanajua.

Nikampigia bibi mwenyewe, siyo mama. Nikamwambia bibi sasa kazi ni yako. Alivunja nazi, akakuna, akachemsha tui polepole mpaka mafuta yakajitenga, na jioni kijana akitoka kuoga ngozi ikiwa bado na unyevu anapakwa. Hilo siyo porojo, mafuta ya nazi yamejaribiwa Ufilipino kwa watu wenye ngozi kavu na yakafanya kazi sawa na mafuta ya kawaida ya hospitali. Ngozi kavu inawasha yenyewe hata bila ugonjwa, ukiifungia maji umeshaondoa nusu ya kesi.

Shubiri aliitumia pia, na nilikaa kwenye simu kumwelekeza hili moja. Unakata jani, unalisimamisha kwenye bakuli ule utomvu wa njano udondoke wote, kisha unaosha, unamenya, unachukua ile nyama inayoteleza na angavu tu. Ule utomvu wa njano ndo unaoharisha, na kwa ngozi ya wengine unawasha. Jaribu kwanza kidogo kwenye mkono usubiri mpaka kesho yake. Na siyo kila shubiri ya porini ni ile ile, Afrika Mashariki tuna aina nyingi sana za jamii hiyo, tumia ile ya bustanini unayoijua.

Kingine ambacho wengi huku hawakitumii ni oti, zile za uji. Unazisaga kwenye brenda mpaka ziwe vumbi, ukitia kijiko kwenye glasi ya maji yanakuwa kama maziwa, yakiwa na chenga chini saga tena. Vumbi hilo kwenye beseni la maji ya uvuguvugu, unakaa au unajimwagia dakika 10 mpaka 15, unajifuta kwa kugusa siyo kusugua. Marekani mamlaka yao ya dawa ililikubali kama kinga ya ngozi tangu 2003. Na uzuri wake ni kwamba hata mbwa anafaa, akilamba kala uji.

Hiyo ya kulamba ndo kanuni yangu kubwa kwa mbwa kuhusu kila jani mtakalonitajia. Ngozi ya mbwa ni nyembamba kuliko yetu, uchachu wake kwa kipimo cha pH ni tofauti, ya kwetu iko karibu na 5.5 na ya mbwa inakaribia 7, kwa hiyo sabuni zetu na malimau yetu na siki yetu vinamchoma, lakini kubwa kuliko yote ni kwamba chochote unachompaka unampa anywe. Shubiri yenye utomvu wa njano, atakuharishia baraza zima. Kitunguu saumu, ambacho mtu kaambiwa kinafukuza viroboto, kinavunja chembe nyekundu za damu. Mafuta ya mti wa chai, vile vichupa vidogo vya dukani ambavyo sasa vimekuwa fasheni mjini, Marekani zilikusanywa kesi 443 za mbwa na paka waliodhurika kwa mafuta hayo yasiyochanganywa na kitu, miguu inalegea, anatetemeka, mate yanamtoka, na wengi mwenye mnyama alipaka kwa makusudi akidhani ni dawa. Tumbaku iliyolowekwa, nikotini inapenya hata ngozi. Utupa, ambao wazee wanautumia kwa kupe wa ng'ombe na unafanya kazi kweli, ni mmea ule ule wanaovulia samaki mtoni, sasa fikiria mwenyewe mbwa anaulamba. Kama kuna paka nyumbani ndo kabisa, hata pemethrini ambayo mtu anapaka na mbwa anavumilia, paka inamuua.

Kwa mbwa wa kisa hiki tulifanya uogeshaji wa oti kwa kipindi kile kidonge kinaanza kufanya kazi, maana na yeye alikuwa na muwasho wa mabaki. Mwarobaini sikuuondoa kabisa, nilimwachia bibi amwoshe viwiko tu kwa maji yaliyopoa pale alipokuwa na vidonda, na mbwa akakatiwa kola ya ndoo ya plastiki, tumetoa kitako cha ndoo tukaivisha kichwani asilambe. Watoto walicheka mpaka wakachoka. Bibi hakucheka, alisema mbwa anatazama watu vibaya.

Manyoya ya masikioni yalianza kuota, viwiko vilichelewa. Kijana alirudi kulala usiku mzima kabla likizo haijaisha na mdogo wake viganja vikawa laini.

Kilichobaki ni bweni. Kijana anarudi kwenye chumba kile kile, magodoro yale yale, wenzake ambao hawajaguswa, na kwa kuwa mwili wake sasa unamjua mdudu hatasubiri wiki sita, safari hii atajikuna ndani ya siku chache. Niliongea na baba akampigia matroni, matroni akasema watawaangalia wanafunzi, baba akamuuliza mtawaangalia au mtawapaka wote kwa siku moja, akajibiwa atapigiwa. Mpaka naandika bado hajapigiwa. Mama kamfungia kijana chupa mbili za BBE kwenye sanduku, na chupa ya mafuta ya nazi ya bibi, na kamwambia godoro lake alitoe juani kila Jumamosi hata wenzake wakimcheka.